Debe la Kumi na Mbili

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, nilimwaga pipa zima la maji nyumbani kwetu Kwakoa. Sikulimwaga kwa utundu. Nililimwaga kwa dini, au kwa kile nilichodhani ni dini. Miaka mingi baadaye niliajiriwa kulinda mabwawa ya spirulina, na huko nikalikuta swali lilelile la pipa likinisubiri: kitu huwa safi kwa sababu uchafu haumo, au kwa sababu uchafu umo na umeshindwa?

Kwakoa iko chini ya milima ya Upare Kaskazini, wilayani Mwanga, upande unaotazama Ziwa Jipe na mpaka wa Kenya. Mvua huishia juu, Ugweno na Usangi. Sisi wa chini tunayaona mawingu yamekaa vileleni, jioni tunausikia hata ubaridi wake, lakini vumbi letu linabaki vumbi. Kiangazi kile mama alikuwa akitoka kabla ya adhana ya alfajiri, debe la bati mkononi na kata ya kanga kichwani, na anaporudi jua limeshachoma. Debe lilichukua lita kumi na nane hivi. Pipa lilikuwa la lami, tulilisugua kwa mchanga na majivu mpaka harufu ikatoka. Kila debe likiingia, dada yangu alichora mstari wa mkaa ukutani. Siku ile mistari ilikuwa kumi na mmoja. Pipa lilikuwa limebakiza vidole vinne kufika ukingoni, na mama alikuwa njiani na debe jingine.

Wiki hiyohiyo Maalim wetu alikuwa ametusomesha mlango wa maji katika Safina, kile kitabu kidogo cha fikihi ya Kishafii ambacho watoto wa madrasa wa Afrika Mashariki wamekipitia vizazi kwa vizazi. Maji ni ya namna mbili, alitufundisha: machache na mengi. Mengi ni yanayofika kullatain, yaani kulla mbili, mitungi miwili mikubwa ya Waarabu wa zamani. Machache yakiingiwa na najisi yananajisika papo hapo, hata kama hayakubadilika. Mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Nililishika somo hilo kama jina langu.

Basi kuku wa jirani akarukia ukingo wa pipa, akanya, akaruka zake. Kile kidonge kilizama polepole, nyuma yake kikiacha mkia mweupe kama moshi wa sigara. Nikautazama mkia ule ukitanuka mpaka ukapotea. Kisha nikaweka mabega yangu kwenye pipa, nikasukuma.

Kesho yake nilimsimulia Maalim nikitarajia sifa. Aliniuliza pipa lilikuwa na madebe mangapi. Akaokota kijiti, akachora mraba mchangani, dhiraa moja na robo kila upande, akaniambia nifikirie na kina chake kiwe hivyohivyo. Akahesabu. Kwa hesabu yake kullatain ilikuwa madebe kumi na mawili. Kwa vipimo vya leo ni kama lita 216, ingawa wapo maulamaa wanaohesabu pungufu ya hapo.

“Limepungua debe moja,” alisema. “Kweli, maji yalinajisika.”

Nikatabasamu.

“Sasa nani alikwambia umwage? Mbuzi wangekunywa. Mchicha ungemwagiliwa.” Akaufuta mraba kwa kiganja. “Au ungekitoa kile kinyesi, ukamngoja mama yako aje na debe lake, ukalitia. Maji yangefika kullatain nayo hayajabadilika. Yangekuwa twahara yote, ukatawadha ukaswali.”

Sikuelewa, na sikuthubutu kumwambia. Najisi iliyoyeyuka ndani ya maji ilikuwa ileile. Mkia ule mweupe ungebaki mlemle, kila tone lingebeba sehemu yake. Inawezekanaje debe moja la ziada, ambalo halikutoa chochote, liyageuze maji kutoka kutofaa mpaka kufaa kusimama nayo mbele ya Mungu? Nilidhani usafi ni utupu. Nilidhani kutwaharisha ni kuondoa, na kila kinachobaki ni deni.

Kwa mawazo hayo ndiyo nilivyokua. Nilikuwa kijana wa kutawadha mara tatu kwa swala moja, nikirudi bombani kwa kuwa sina hakika kisigino kimelowa. Hali hiyo huitwa wasiwasi, na vitabu vya dini vimeuonya sana, lakini mwenye wasiwasi husoma maonyo hayo akidhani anaambiwa mwingine.

Nilisomea ufundi wa maabara, na mwishoni mwa miaka ya tisini nikaajiriwa na mradi mmoja wa kukuza spirulina mbali na kwetu. Jina lake halina kazi hapa. Spirulina ni kiumbe cha majini, uzi mdogo wa kijani uliojikunja kama springi, usioonekana umbo lake bila hadubini. Wanasayansi wanauweka pamoja na bakteria wa kijani-buluu, lakini sokoni huitwa mwani. Wanawake wa Kanem, kando ya Ziwa Chad, wameuvuna tangu zamani, wakaukausha juani kuwa mikate wanayoiita dihé, na mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Jean Léonard, aliikuta mikate hiyo sokoni katika msafara wa miaka ya 1964 na 1965. Hapa kwetu unaota wenyewe katika maziwa ya magadi: Natron, Nakuru, Bogoria. Heroe wadogo, ndege ambao wengi huwaita flamingo, huula, na rangi yao ya waridi inatokana nao.

Mabwawa yetu yalikuwa ya mita 50 kwa 5, maji yakiwa na kina cha sentimita 20, na gurudumu lenye makasia likiyazungusha mchana kutwa. Kila bwawa lilikuwa lita 50,000. Nilipopiga hesabu nikakuta ni zaidi ya kullatain 230, na moyo wangu ukatulia bila sababu ya maana. Maji yenyewe tuliyatia magadi mpaka yakateleza vidoleni kama sabuni, pH 10 na kitu. Hilo ndilo boma la kwanza la mkulima wa spirulina. Viumbe vingi vya maji ya kawaida, pamoja na bakteria wengi wa tumboni, haviwezi kuishi humo. Spirulina inastawi.

Lakini bwawa lililo wazi ni kama pipa letu: halina kifuniko. Upepo unaleta vumbi, ndege wanatua, nzi wa magadi wanataga. Alikuwapo klorela, kijani mwenzake spirulina, kiduara kidogo ambacho kikipata nafasi kinaongezeka haraka. Alikuwapo rotifa, mnyama mdogo asiyefika nusu milimita, mwenye taji la nywele mdomoni zinazozunguka na kuvuta chakula. Mara ya kwanza kumwona chini ya hadubini nilipigwa na butwaa kwa uzuri wake, kisha nikaona tumbo lake limejaa kijani chetu.

Kuna jambo moja katika kazi ile ambalo lilinisumbua kuliko yote. Spirulina huvunwa kwa kupitisha maji kwenye kitambaa chenye matundu madogo sana. Nyuzi zilizojikunja zinanasa, maji yanarudi bwawani kwa sababu magadi ni ghali. Klorela ni mdogo kuliko matundu. Anapita na maji, anarudi nyumbani. Kwa hiyo kila mavuno yanamtoa mwenye nyumba na kumbakiza mpangaji asiyelipa. Ukivuna kwa pupa wiki tatu mfululizo, unaamka asubuhi bwawa limebadilika kijani, kutoka kile kizito cha kuelekea bluu hadi kile cha majani mabichi, kitambaa kinapitisha kila kitu, na hakuna wa kulaumiwa ila mkono wako.

Mimi niliipokea kazi ile kwa moyo wa mwenye wasiwasi. Nilipoona rotifa watano kwenye tone, nilimwaga bwawa. Nilisugua sakafu kwa klorini, nikaisuuza, nikajaza maji mapya na magadi mapya, nikatia ndoo chache za mbegu kutoka bwawa dogo. Maji yakang'aa mpaka unaona sakafu. Niliyapenda maji yale. Baada ya siku kumi yakawa ya klorela matupu. Nikamwaga tena, nikasugua zaidi, nikatia mbegu chache zaidi ili nisihamishe uchafu. Siku nane. Mara ya tatu hayakufika wiki.

Alikuwapo fundi wa pampu, mzee Mlutheri kutoka Usangi, Mpare mwenzangu. Kwetu ukoo mmoja una Waislamu na Wakristo, Idi tunakula pamoja na Krismasi tunakula pamoja, kwa hiyo aliniita mwanangu bila kutafakari. Alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa bwawa tupu, brashi mkononi.

“Mwanangu,” alisema, “unafagia nyumba isiyo na mtu.”

Akanisimulia mfano wa Yesu ambao sikuwa nimewahi kuusikia: pepo mchafu aliyetolewa kwa mtu, akatangatanga, kisha akarudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaenda kuwaita wenzake saba wabaya kuliko yeye, wakaingia wakakaa. Alinisimulia kwa sauti ileile aliyotumia kueleza beringi za pampu. Kisha akaondoka kwenda kufunga nati zake.

Nilibaki pale mpaka jua likazama, maana nilikuwa nimesikia debe la kumi na mbili.

Tangu siku hiyo nilianza upya kwa njia nyingine. Sikutia ndoo chache katika maji mengi. Nilikuza mbegu kwenye beseni mpaka ikawa nzito, nikaihamishia kwenye tangi dogo, nikangoja ikawa nzito tena, tangi likazaa kibwawa, kibwawa kikazaa bwawa. Nilikuwa na kisahani cheupe kwenye ncha ya fimbo. Ukikizamisha, unaangalia kinapotea machoni kwa kina gani. Kikipotea kabla ya sentimita tatu, spirulina imeziba mwanga wote, na chini yake klorela hapati jua la kumtosha. Nikiona kisahani kinafika sentimita tano, sivuni, hata wakubwa wakinuna. Rotifa walipozidi tulitia amonia kidogo jioni, kwa mkono wa hesabu, kwa sababu katika maji makali namna ile amonia inayomuua mdudu ikizidi inaiua na spirulina. Lakini mara nyingi hatukutia kitu. Nilihesabu asubuhi: watano. Kesho yake: wanne. Keshokutwa: sita. Nikaandika kwenye daftari, nikayaacha maji. Bwawa lile lilivunwa miezi saba bila kumwagwa, na sidhani kama kuna siku hata moja ambayo halikuwa na rotifa ndani.

Mtu anaweza kusema hapo nimechanganya mambo mawili, biolojia na ibada. Sidai kwamba sheria ya kullatain iliwekwa kwa ajili ya spirulina. Ninachosema ni kwamba katika yote mawili nilifundishwa kuuliza swali tofauti na lile la utotoni. Mtoto huuliza: kimo au hakimo? Fikihi inauliza: maji yamebadilika? Yangali na rangi yake, ladha yake, harufu yake? Yaani inauliza kuhusu mwenye nyumba, si kuhusu mgeni. Na tazama upole wa sheria ileile kuhusu kile kijani kinachoota chenyewe kwenye maji yaliyotulia, ambacho mafakihi wanakiita tuhlubu: hata kikiyageuza maji rangi, maji ni twahara na yanatwaharisha, kwa kuwa ni vigumu kuyakinga nacho. Wazee wa Ugweno walitawadha kwa maji ya ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya mifereji, yakiwa ya kijani kabisa, na swala zao zilikuwa swala.

Nikiwa mtu mzima ndipo nilipomfikia Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, Mshafii mkubwa. Katika kitabu chake Ihya, alipozungumzia siri za twahara, aliandika kwamba alitamani madhehebu ya Imam Shafii kuhusu maji yangekuwa kama ya Imam Malik: maji, hata yawe machache, yasinajisike mpaka yabadilike. Hoja zake ni za mtu aliyetazama maisha ya watu. Makka na Madina hapakuwa na maji mengi, anasema, na vyombo vya maji vya masahaba vilishikwa na watoto na wajakazi ambao hawakuwa wa kujichunga na najisi, wala hatusikii kwamba waliulizana kuhusu hilo. Anakumbusha kwamba Sayyidna Umar alitawadha kwa maji ya mtungi wa mwanamke wa Kikristo. Nilisoma ukurasa ule nimesimama, nikamkumbuka fundi wa pampu.

Nimebaki Mshafii. Lakini namwelewa aliyetamani.

Sasa nifike pale ambapo mawazo yangu haya yanakwama, kwa sababu yanakwama kweli. Mwaka 2003 watafiti waliandika kuhusu vifo vya heroe katika Ziwa Bogoria. Kandokando ya ziwa lile kuna chemchemi za maji ya moto, na heroe huja hapo, ambapo chumvi ni kidogo, kunywa na kuoga manyoya. Kwenye mawe ya chemchemi hizo kuna utando wa bakteria wa kijani-buluu, ndugu wa spirulina, na watafiti walikuta ndani yake sumu za ini na za mishipa ya fahamu, na wakazikuta pia matumboni mwa ndege waliokufa. Mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi upande wetu, Manyara na Momela, na huko nako sumu za bakteria zikahusishwa. Ndege wa Bogoria huenda walikufa kutokana na mahali walipokwenda kujisafisha. Sijawahi kulisoma jambo hilo nikabaki mkavu.

Sumu zile hazina rangi, na ulimi wala pua haviwezi kuzitambua. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha ile inayotajwa sana, microcystin, kuwa mikrogramu moja tu kwa lita ya maji ya kunywa. Maji yenye mara kumi ya hiyo yanaweza kuonekana kama maji yoyote. Je, kipimo cha rangi, ladha na harufu kimeshindwa?

Nimelibeba swali hilo kwa Maalim mwingine, kijana aliyesoma, na jibu lake lilinitosha kwa sehemu. Najisi ni jambo moja, madhara ni jambo jingine. Maji yenye sumu huweza kuwa twahara, ukitawadha nayo udhu ni sahihi, na kuyanywa ikawa haramu kwa sababu Mungu amekataza mtu kujiangamiza. Kwa hiyo wanaouza spirulina iliyochotwa ziwani na kusema ni salama kwa kuwa ni ya asili wanaiba jibu la swali moja na kulibandika kwenye jingine. Unga wa kijani unaolishwa mtoto mwenye utapiamlo lazima upimwe: sumu hizo, madini mazito, unyevu, bakteria. Hapo sina upole wowote. Aliyeutoa bila kupima amemhini mtoto.

Sehemu isiyonitosha ni hii. Kama macho hayatoshi, basi mja ana wajibu wa kuangalia kwa kitu kikali kuliko macho, na mlango huo ukifunguka wasiwasi wangu wa zamani unapenya tena. Nitaangalia mara ngapi ndipo iwe nimeangalia? Nimeona tofauti moja, na naishikilia. Nilipokuwa narudi bombani mara ya tatu nilikuwa najitazama mimi: nimekubaliwa au sijakubaliwa. Ninapoinama kwenye hadubini natazama maji na yule atakayeyanywa. Nikishahesabu, nimehesabu, naandika, nafunga daftari. Siku ninaporudia hesabu ambayo naijua, najua nimeshaacha kuangalia maji.

Wengine wangependa niupeleke mfano huu kwa watu: nani katika kijiji ni rotifa, nani wa kuachwa, nani wa kumwagwa. Sitafanya hivyo. Mwanadamu kwa fikihi yetu ni twahara, Mwislamu na asiye Mwislamu.

Nimerudi Kwakoa sasa. Nyuma ya nyumba nina tangi la plastiki la lita 1,000, kullatain nne na ushei, na ukuta wake wa ndani una utando wa kijani ambao sijausugua tangu Ramadhani. Wajukuu wanatawadha humo.

Mama aliporudi siku ile alikuta pipa limelala na ardhi imeshakunywa. Nilisimama mbele yake nikamweleza kuhusu kuku, na kullatain, na machache na mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa bado na debe kichwani. Kisha alilitua, akalisimamisha pipa, akalisuuza kwa kata moja ya maji, akamimina yaliyobaki. Yalifika chini kabisa, hata hayakusikika yakicheza. Akachukua ncha ya kanga, akafuta ile mistari kumi na mmoja ya mkaa ukutani, na mahali ilipokuwa imeanzia akachora mmoja. Akaweka debe tupu kichwani, akashika njia ya mtoni.